Programu Ilinyamaza, Nyanya Akaachwa na Boti

Saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, nyanyangu alifika gatini Faza akiwa na mkoba wake, buibui lake la safari, na kadi ya kliniki aliyoikunja vizuri ndani ya leso. Gati ilikuwa tupu. Boti ya Lamu ilikuwa imeondoka saa moja. Wakati yeye anashangaa pale, wenzake walikuwa washashuka mjini na kutawanyika, kila mtu na shughuli zake.

Aliyemwambia aende saa nne ni mimi. Na mimi hiyo saa nilikuwa nimeisoma kwenye tovuti niliyoiandika kwa mikono yangu mwenyewe.

Siku hiyo madaktari wa macho walikuwa wamekuja Lamu kwa siku moja tu, kuwachunguza watu wenye mtoto wa jicho. Nyanya anashona kofia. Ameshona tangu mamangu hajazaliwa, na tangu mwaka juzi tundu la sindano analitafuta kwa kubahatisha. Jina lake lilikuwa kwenye orodha. Aliyekosa siku ile ilibidi angoje duru nyingine, na hakuna aliyeweza kutuambia duru nyingine ni lini.

Kwa hivyo hii si ile stori ya "nilipata hitilafu, nikaitatua, mimi mkali." Hitilafu niliitatua, sawa. Lakini nataka tuongee kuhusu jambo moja ambalo sisi watu wa kuandika programu tunalichukulia poa sana: mipangilio inayokosa kupakiwa, na programu inayoendelea na kazi kama hakuna kilichotokea.

Wacha nianze mwanzo.

Kama hujawahi kufika kwetu, jua kwamba Lamu si mji mmoja. Ni visiwa. Kuna Lamu yenyewe, Manda, Pate, halafu vidogo vingine, na Mokowe iko bara. Kisiwa cha Pate peke yake kina Pate, Siyu, Faza na Kizingitini. Ukitoka Faza kuja Lamu unapanda boti, na boti inapita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, mikoko huku na huku. Maji yakiwa yametoka, boti iliyojaa watu na magunia inakwama pale. Kwa hivyo nahodha hafuati saa ya ukutani, anafuata maji. Na maji hayatulii. Kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Leo boti inaondoka saa moja, kesho karibu saa mbili, wiki ijayo ratiba yote imepinduka.

Watu wa kule hilo halikuwasumbua kamwe. Wanauliza leo mwezi ngapi, wanajua maji yako wapi. Lakini sisi tuliokulia Langoni na simu mkononi, na vijana wanaorudi likizo kutoka Mombasa na Nairobi, hatujui. Tunampigia mtu anayemjua mtu anayemjua nahodha. Ndio nikaona, si niandike tovuti? Rafiki yangu anashinda gatini. Kila jioni anawauliza manahodha kesho wataondoka saa ngapi, anaingiza. Abiria anafungua simu, anaona saa na nauli, anaweka nafasi. Nahodha anapata meseji ya kumwambia watu wangapi wanamngoja. Basi, hakuna makuu.

Miezi minne ilifanya kazi bila shida, na mimi nikajiona.

Jioni ya kuamkia siku ya kliniki nilimpigia nyanya, nikamwambia boti ni saa nne.

"Saa nne?" akauliza. "Kesho si mwezi ishirini? Saa nne maji yashaanza kutoka. Atapita wapi Mkanda?"

Nikacheka. "Nyanya, imeandikwa kabisa. Wewe lala upumzike. Usiende kukaa na baridi gatini toka alfajiri bure."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Haya mamangu. Nyinyi ndio mliosoma."

Hilo neno mpaka leo linanikata.

Simu yake ilipokuja asubuhi, kitu cha kwanza nilichofanya kilikuwa kumlaumu rafiki yangu. "Umeingiza saa mbaya!" Naye hakuninyamazia. "Nimeingiza saa moja. Njoo uangalie mwenyewe, usinipigie kelele." Nikafungua ukurasa wa msimamizi, ule anaotumia yeye. Imeandikwa 07:00. Nikafungua ukurasa wa abiria kwenye simu yangu. Imeandikwa 10:00. Safari ni ile ile, boti ni ile ile, saa mbili tofauti.

Hapo akili ikaniruka. Nikafuta kashe ya kivinjari. Nikazima simu, nikaiwasha. Nikaingia kwenye msimbo nikabadilisha mistari mitatu bila kujua kwa nini naibadilisha, nikaona hakuna tofauti, nikabadilisha mingine miwili. Baada ya dakika ishirini nilikuwa na tatizo la kwanza na matatizo mapya niliyoyazaa mwenyewe. Ikabidi nirudishe kila kitu kilivyokuwa. Hii ndiyo inaitwa kudibagi kwa woga. Usifanye. Kama hujui kinachotokea, usiguse kitu. Angalia kwanza.

Mamangu alikuwa anakuna nazi, anasikiliza. Akasema, "Si ni hizo saa zenu za kizungu na za Kiswahili?"

Nikasema hapo umenena. Sisi tunaita saa moja, simu inaandika 07:00. Lazima mahali fulani nimegeuza vibaya. Nikatafuta, nikatafuta, mpaka nikahesabu kwa vidole. Kutoka saba hadi kumi ni saa tatu. Saa za Kiswahili na za kizungu zinapishana kwa saa sita. Ingekuwa sita, mama angekuwa amelipata. Tatu ni mambo mengine.

Na tatu si namba ya bahati nasibu. Saa zetu za Afrika Mashariki ziko mbele kwa saa tatu kamili ya UTC, ile saa ambayo seva nyingi duniani huhesabia. Mtu yeyote wa Nairobi, Dar au Kampala anayeandika programu, akiona kitu kimeruka saa tatu, aache kutafuta kwingine. Kuna mahali programu imesahau iko upande gani wa dunia.

Kwangu ilitakiwa kufanya hivi: rafiki anaingiza 07:00, seva inajua hiyo ni saa ya Nairobi, inaihifadhi kama 04:00 ya UTC. Simu ya abiria inachukua ile 04:00, inaongeza saa tatu zake, inaonyesha 07:00. Siku hiyo seva ilidhani 07:00 ni ya UTC. Ikaihifadhi hivyo hivyo. Simu ikaongeza tatu, ikaonyesha 10:00. Na ukurasa wa msimamizi je? Ule unaandikwa na seva yenyewe, kwa imani ile ile mbovu, kwa hivyo kosa la kuingiza na kosa la kuonyesha yakafutana. Rafiki yangu akaona 07:00 na roho ikatulia. Ile "kwangu iko sawa" tunayoambiana kila siku, ndio hii. Kwako iko sawa kwa sababu kosa limekuzunguka pande zote mbili.

Sawa. Lakini kwa nini ilisahau leo, na miezi minne ilikuwa inakumbuka?

Hapa nikajiuliza swali ambalo ningejiuliza toka mwanzo: nini kimebadilika, na lini? Nikapanga safari zote kwa siku zilipoingizwa. Zilizoingizwa mpaka Jumatatu zilikuwa sawa. Kuanzia Jumanne, zote zimeruka. Nikampigia nahodha mmoja kumuuliza kama kuna kitu kingine ameona. Akasema, "Binti, siku mbili hizi sijapata meseji yako. Nilidhani hakuna watu." Nikashuka mwisho wa ukurasa wa tovuti, pale tulipoweka namba ya simu ya kutupata. Haikuwa namba yetu. Ilikuwa sifuri tupu, zile nilizoziweka siku ya kwanza kushikilia nafasi.

Saa zimeruka. Meseji haziendi. Namba imepotea. Mtu ukitazama haraka utasema una matatizo matatu. Lakini matatizo matatu hayaanzi usiku mmoja bila kuwa ndugu. Nikauliza: hivi vitu vitatu vinatoka wapi? Vyote vinatoka kwenye faili moja.

Kwa wasiojua, programu nyingi za wavuti huwa na faili dogo la mipangilio. Langu linaitwa .env, jina linaanza na nukta. Ndani kuna mistari mifupi: TIMEZONE=Africa/Nairobi, halafu ufunguo wa siri wa kutumia meseji, halafu namba ya simu, na kadhalika. Tunayaweka kando ya msimbo kwa sababu mbili. Siri zisiende kokote msimbo unakoenda, na uweze kubadilisha namba ya simu bila kugusa programu yenyewe. Programu ikiamka, inalisoma hilo faili, halafu inaanza kazi.

Nikalifungua. Liko. Kila mstari uko. TIMEZONE iko. Hakuna herufi iliyokosekana.

Wallahi niliganda. Na najua wengi wenu mshawahi kuganda hapo hapo. Faili liko, maneno yako sawa, na programu inafanya kama halipo. Hapo ndipo mtu anaanza kusema kompyuta imerogwa.

Sikilizeni. Wewe kuliona faili kwa macho yako si ushahidi kwamba programu inaliona. Usiiulize disiki, iulize programu. Nikaongeza mistari miwili tu ya kuandika kwenye kumbukumbu za seva: umesimama folda gani, na TIMEZONE kwako ni nini? (Siri usiziandike humo. Andika "upo" au "haupo", inatosha.) Nikaiwasha upya vile seva huiwasha yenyewe, na jibu likaja kwa sekunde moja. Folda: ile ya nyumbani ya mtumiaji, si folda ya tovuti. TIMEZONE: haina kitu.

Kumbe usiku wa Jumatatu kampuni ninayokodi seva iliwasha upya mashine zake kwa matengenezo. Walikuwa wametuma barua pepe wiki nzima kabla. Sikuisoma. Mashine ilipoamka, ikatafuta mstari nilioweka miezi minne nyuma kwenye crontab, ulioandikwa @reboot, unaosema "ukiamka, washa hii programu." Ikaiwasha. Huo mstari sikuwahi kuujaribu hata mara moja. Siku ya kwanza programu niliiwasha kwa mkono: nikaingia kwenye folda yake, nikaandika amri, ikaenda. Maktaba ninayotumia kusoma .env inalitafuta faili mahali uliposimama wakati wa kuwasha, si mahali msimbo ulipo. Mimi nilikuwa nimesimama ndani ya folda. Ile ya crontab inasimama kwenye folda ya nyumbani. Hapo hakuna .env.

Ni kama kumwambia mtu "funguo ziko mezani." Meza gani? Akiwa kwenu atazipata. Akiwa kwa jirani, ataangalia meza ya jirani, na hatakuwa amekosea. Wewe ndiye hukusema meza ya nani.

Sasa hapa ndipo penye uchungu wenyewe. Programu iliyokosa mipangilio yake yote ilipaswa kufa. Ingekufa Jumatatu usiku, Jumanne asubuhi ningeona ukurasa haufunguki, ningelaani, ningerekebisha, na nyanya angefanya anavyofanya siku zote: angeswali, angetoka, angekuwa gatini mapema, angepanda boti. Haikufa kwa sababu mimi niliikataza kufa. Kuna mstari niliuandika wiki ya kwanza kabisa:

process.env.TIMEZONE || 'UTC'

Maana yake kwa lugha ya nyumbani: tafuta TIMEZONE, ukiikosa, tumia UTC. Na upande wa meseji: kama ufunguo haupo, ruka, endelea. Na upande wa namba: ukikosa, weka sifuri. Niliziweka hizo akiba ili programu isinisumbue wakati najenga. Zilinipa raha. Nikazisahau. Zikakaa pale kimya miezi minne zikingoja usiku mmoja.

Haya, marekebisho, kwa wanaotaka kujua nilifanya nini.

Kwanza, kwenye crontab nikaandika amri ya kuingia folda ya tovuti kabla ya kuwasha, na ndani ya msimbo nikaipa maktaba njia kamili ya faili, kutoka mzizi hadi mwisho. Sasa haijalishi nani anaiwasha akiwa amesimama wapi.

Pili, nikang'oa akiba zote za vitu vya maana. TIMEZONE ikikosekana, programu haianzi. Inaandika kwa herufi kubwa: TIMEZONE HAIPO, NIMETAFUTA FAILI HAPA, halafu inatoka. Rangi ya ukurasa inaweza kuwa na akiba, rangi haimwachi mtu gatini. Saa, pesa, namba ya simu, ufunguo wa kitu chochote, hapana.

Tatu, ikiamka vizuri inasema: nimesoma faili gani, nafuata saa za wapi. Mstari mmoja tu. Ukiusoma, unalala.

Nne, nikarekebisha zile safari zilizoingizwa vibaya, moja moja, nikirudisha saa tatu nyuma. Hii watu husahau. Ukirekebisha mipangilio, data iliyoharibika wakati mipangilio haipo inabaki imeharibika. Haijirekebishi yenyewe.

Tano, niliwasha seva nzima upya makusudi, mchana kweupe, nikiwa nimekaa mbele yake. Kama kuna kitu kitavunjika, kivunjike nikitazama.

Tangu nianze kusimulia kisa hiki, wenzangu wameniletea visa vyao, na vyote ni ndugu wa kile changu. Mmoja faili lake kwenye kompyuta ya nyumbani liliitwa Config.json, na msimbo unaita config.json. Windows ilimsamehe, Linux ya kwenye seva haijui kusamehe herufi kubwa. Mwingine aliacha koma baada ya kitu cha mwisho kwenye JSON, na JSON haitaki hiyo koma, ikakataa faili zima. Mwingine alibadilisha .env asubuhi mpaka jioni, kumbe jina lile lile lilikuwa limeshawekwa kwenye mfumo wenyewe, na maktaba yake kwa kawaida haifuti thamani iliyokuwepo. Mwingine alikuwa upande wa kivinjari, anatumia Vite. Kule mipangilio huokwa ndani ya mkate wakati wa kujenga. Ukibadilisha faili bila kujenga upya, hakuna kinachobadilika. Na jina lisipoanza na VITE_ halifiki kivinjarini kabisa, na likifika, kila mtu anaweza kulisoma, kwa hivyo siri usiweke huko.

Visa vinne, na dawa yao ya kwanza ni moja. Usibishane na faili. Iulize programu: hivi sasa, unaona nini?

Lakini maoni yangu hasa si hayo. Mbinu utazipata popote. Maoni yangu ni kwamba tumefundishwa kuogopa kitu kisichostahili. Tunaogopa programu kuanguka. Tunaona aibu ukurasa ukiwa mweupe. Kwa hivyo tunajaza akiba kila mahali ili ionekane iko hai.

Mnakumbuka tarehe 4 Oktoba 2021? WhatsApp, Instagram na Facebook zilizima dunia nzima kwa karibu saa sita. Kampuni yenyewe ilieleza baadaye kwamba chanzo kilikuwa mabadiliko ya mipangilio kwenye ruta za mtandao wake. Ilikuwa aibu ya dunia. Lakini hakuna mtu siku ile aliyedhani meseji yake imefika. Kila mtu alijua kumeharibika, akatafuta njia nyingine, akapiga simu ya kawaida, akaenda kwa miguu. Kitu kikizima kwa kelele, watu hujipanga. Yangu ilizima kwa siku mbili na hakuna aliyejua, hata mimi. Ilikuwa inatabasamu, inatoa majibu, kila jibu limeruka saa tatu.

Nilimsimulia yule nahodha. Hajui .env ni nini na hakuniuliza. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Mimi nikifika Mkanda nisione njia, nazima mashine. Nashusha upondo, napima. Sisemi labda hapa pana kina. Labda itaniua na watu wangu."

Ndiyo hiyo. Upondo. Ile mistari yangu ya akiba ilikuwa "labda hapa pana kina." Programu ilipotea njia, na badala ya kusimama kupima, ikaongeza mwendo.

Wiki iliyofuata nilipanda boti hadi Faza. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani kote. Nilimkuta nyanya barazani, kofia iko mapajani, kijana wa jirani anamtungia uzi kwenye sindano. Nikaanza: seva, folda, saa ya dunia. Akaniacha nikaenda nayo mpaka nikaishiwa.

"Kwa hivyo," akasema, "ilikuwa haijui saa."

"Haikujua, nyanya."

"Na haikusema haijui."

"Haikusema."

Akavuta uzi, akaukaza. "Mimi nilikuwa najua. Nikakuambia mwezi ishirini."

Sikuwa na la kujibu, manake hilo ndilo kosa ambalo halimo kwenye msimbo. Programu ilinyamaza, sawa. Lakini kulikuwa na mtu mmoja aliyesema, kwa sauti, siku moja kabla, kwamba ile saa haiwezekani. Alikuwa na ushahidi kuliko wangu. Na mimi nikacheka. Ningemuuliza tu, "Kwani nyanya, kwa nini unasema hivyo?" ningefungua ukurasa wa pili, ningeiona tofauti, na asubuhi angekuwa kwenye boti.

Siku hizi tovuti ina kitu kipya. Mtu akiingiza safari, inalinganisha saa hiyo na maji ya siku hiyo. Ikiona boti inapitishwa Mkanda maji yakiwa yametoka, inakataa, inauliza: una hakika? Hiyo sheria sikuitoa kwenye kitabu. Niliitoa kwa nyanya, nikaijaribu kwa safari za miezi minne, na haikukosea.

Duru ya madaktari bado tunaingojea. Jina lake nimeliandikisha tena, na nimeshamwambia siku hiyo nitalala Faza, tutaondoka pamoja, na saa ya kutoka ataisema yeye.

Wewe uliye na mradi wako mahali unaendelea, nenda kautafute huo mstari. Upo. Unasema "ukikosa, weka hiki." Jiulize ni nani atasimama gatini siku ikikosa.